Pongezi kwa OK Jazz

Hapa Kasuku, ukingo wa magharibi wa mto Lualaba, lugha yetu ni Kiswahili, na wimbo "Mario" wa OK Jazz umeimbwa kwa Kilingala. Hilo halijawahi kumzuia mtu kuinuka kitini.

OK Jazz ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956, na jina lake lilitoka katika baa ya O.K. Ilikuwa bendi kubwa kwelikweli: waimbaji kadhaa, tarumbeta, saksafoni, tumba, na magitaa yaliyogawana kazi. "Mario" ilitoka mwaka 1985, ikimsimulia kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri na mali. Franco, kiongozi wa bendi, anasema kama mzee wa mtaa, na mwimbaji Madilu System anaimba kwa sauti inayolalamika.

Lakini pongezi zangu hasa ni za sebene, ile sehemu ndefu ya magitaa ya kuchezea dansi. Zamani, kwenye santuri ndogo, wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili na msikilizaji aligeuza sahani katikati ya raha. Santuri kubwa iliwapa wanamuziki nafasi. Maneno yanapokwisha, gitaa la solo linashika kifungu kifupi, linakirudia, gitaa la mi-solo linajibu, besi inasukuma nyonga, kisha tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja. Kurudia huko si uvivu. Mchezaji anahitaji muda wa kuuzoea mdundo, na OK Jazz walimpa muda huo kwa ukarimu.

Franco alifariki mwaka 1989, Madilu mwaka 2007. Harusini bado tunawaita.