"Aliyekuwa Papa": Hoja ya Cheo katika Kaburi la Ukutani la Baldassarre Coscia

Utangulizi

Makaburi ya ukutani ya viongozi wa Kanisa katika Renesansi ya Italia aghalabu huhakikiwa kwa kuzingatia umbo: nguzo, jeneza la marumaru, sanamu ya marehemu, na Bikira Maria juu ya vyote. Mkabala huo una manufaa, lakini huacha kando swali la kile ambacho kaburi lenyewe linadai. Sehemu hii inahakiki kaburi la Baldassarre Coscia, lililotengenezwa na Donatello na Michelozzo katika miaka ya 1420 ndani ya jengo la ubatizo la San Giovanni, Firenze. Hoja inayojengwa ni kwamba kaburi hilo limebeba mgogoro wa cheo bila kuutatua, na kwamba nguvu yake kisanaa imo katika kutoutatua huko.

Usuli wa Mgogoro

Coscia alichaguliwa mwaka 1410 katika safu ya Pisa, akajiita Yohane XXIII, wakati ambapo Kanisa la Magharibi lilikuwa na wadai watatu wa upapa. Mtaguso wa Konstanz ulimvua madaraka mwaka 1415. Mwaka 1419 alinyenyekea mbele ya Martin V, akapewa tena ukardinali, na akafariki Firenze mwezi Desemba mwaka huohuo. Miongoni mwa wasii wake alikuwamo Giovanni di Bicci de' Medici. Kwa hiyo, waliolisimamia kaburi walikuwa na swali gumu: azikwe kwa cheo gani?

Uchambuzi

Jibu la kwanza limo katika mavazi. Sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu inamwonyesha marehemu akiwa amevaa mitra, si taji la upapa. Mwili unapumzika juu ya machela inayobebwa na simba, na uso umegeuzwa kumwelekea mtazamaji aliye chini. Kwa mavazi, huyu ni kardinali.

Jibu la pili limo katika maandishi ya Kilatini yanayoshikwa na watoto wawili wenye mabawa. Humo anatajwa kuwa *quondam papa*. Neno *quondam* lina utata unaofanana na ule wa "aliyekuwa" katika Kiswahili: laweza kumhusu mtu aliyeacha cheo, na laweza kumhusu mtu aliyefariki akiwa nacho. Hata hivyo, maana zote mbili zinakubali jambo moja, kwamba cheo kiliwahi kuwa chake. Ndiyo maana mapokeo yanayosimulia kwamba Martin V aliyapinga maandishi hayo yana mantiki, kwani asiyewahi kuwa papa hawezi kuitwa aliyekuwa papa.

Nembo zilizo kwenye kaburi zinaendeleza utata huo. Ya ukoo wa Coscia imechongwa mara mbili, moja ikiwa na taji la upapa na nyingine ikiwa na kofia ya ukardinali, na katikati yake ipo nembo ya upapa wenyewe. Mtazamaji anapewa vyeo vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

Ipo pingamizi inayostahili kuzingatiwa. Kaburi limebanwa kati ya nguzo mbili za jengo la kale, na yawezekana mpangilio wake wa wima ulilazimishwa na nafasi tu. Pingamizi hiyo inaeleza urefu, lakini haielezi uteuzi wa neno wala wa nembo. Udhaifu halisi uko kwingine: sanamu za Imani, Mapendo na Matumaini zilizo chini ya jeneza hazina uhai ulio katika uso wa shaba. Fadhila zinazopaswa kumtetea mtu aliyehukumiwa na mtaguso zinabaki kuwa pambo.

Hitimisho

Mwaka 1958 Angelo Roncalli alijichagulia jina la Yohane XXIII, na kwa namba hiyo akathibitisha kwamba Coscia hahesabiwi miongoni mwa mapapa. Maandishi ya Firenze hayakufutwa. Uhakiki wa makaburi ya aina hii hauna budi kuyasoma maneno, mavazi na nembo kwa pamoja, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kukana kile ambacho kingine kinadai.