Cherehani Mamia Dirishani, Fundi Hakuna

AllSaints, kampuni ya nguo ya Uingereza, ina mtindo wake wa kupamba maduka: inajaza madirisha cherehani za zamani, safu juu ya safu, mamia kwa mamia, zote kimya. Hata kama hujawahi kufika London, pengine picha zake umeziona mtandaoni. Na ukweli usemwe, zinavutia. Chuma cheusi, maua ya dhahabu, gurudumu la mkono. Mashine ya kazi imerembwa kama sanduku la bibi harusi.

Shida yangu inaanzia kwenye huo wingi. Cherehani moja ukiiweka mezani, lazima ujiulize nani alikuwa akikaa nyuma yake. Mia tatu zikipangwa ukutani zinageuka matofali. Hakuna anayeliuliza tofali swali.

Na maswali yapo. Mwaka 1830 Barthélemy Thimonnier, fundi Mfaransa, alipata hataza ya mashine ya kushona. Mwaka uliofuata, mashine zake zikishona sare za jeshi huko Paris, mafundi wa mji walivamia karakana wakazivunja. Ni rahisi kuwacheka, eti waliogopa maendeleo. Lakini walichotaka kujua kilikuwa wazi: mashine ikinishinda kasi, ule muda uliookolewa unaenda kwa nani?

Sisemi kushona kwa mkono kulikuwa raha. Mwaka 1843 Thomas Hood alichapisha shairi la "The Song of the Shirt", kuhusu mwanamke anayeshona mashati mchana na usiku na bado ana njaa. Kisha mashine zikaenea. Wheeler & Wilson, waliokuwa wakiziuza, walitangaza kwamba shati la mwanamume lililokula zaidi ya saa 14 kwa mkono sasa linamalizika kwa saa 1 na dakika 16. Haya, tuseme muuzaji aliongeza chumvi. Bado ni muda mwingi. Je, mshonaji alianza kufika nyumbani saa nane mchana?

Wapi. Na ukitaka kujua kwa nini, tazama mashine ya kiwandani yenyewe. Wengi hudhani ni ile ya nyumbani iliyonenepa. Ya nyumbani, mguu wako ndio injini. Ukichoka, nayo inapumzika. Ya kiwandani iliungwa kwa mkanda na mhimili uliozunguka chini ya meza ndefu, ukiendesha safu nzima kwa pamoja. Na kazi ikakatwakatwa: huyu kola, yule mikono, mwingine vifungo. Fundi anayejua shati zima hakuhitajika tena. Alihitajika mtu wa mshono mmoja, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumbadilisha.

Meza kama hizo ndizo zilizojaa ghorofa ya 9 ya kiwanda cha blauzi cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911. Moto ulipozuka, mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Siku 4 tu kabla ya hapo, ng'ambo ya Atlantiki, waliokuwa wakiziunda cherehani walikuwa wameanza kugoma. Katika kiwanda cha Singer cha Kilbowie, mjini Clydebank, Scotland, wanawake 12 wa kung'arisha mbao walikataa mpango mpya wa kazi, na wafanyakazi wapatao 11,000 wakasimama nao. Mgomo ukavunjwa, mamia wakafukuzwa. Ukikutana na Singer yenye namba kama 31K, hiyo K ni Kilbowie.

Na usiseme hayo ni mambo ya Wazungu wa kale. Athi River, viwanda vya EPZ vinashona nguo za kupelekwa Marekani kwa mpangilio uleule: mtu mmoja, mshono mmoja. Wakati huohuo, cherehani nyeusi ya kukanyaga bado inapiga kazi kwenye vibanda vya mitaani, inapunguza suruali za mitumba, inaunga zipu, inalipa karo. Kwa hiyo dirisha la London linapotuonyesha chuma hicho kama masalio ya zama zilizokwisha, linatudanganya mara mbili: mashine haijafa, na swali la mafundi wa Paris halijajibiwa.

Mimi ningeziondoa karibu zote. Ningebakisha moja, juu ya meza yake, na mkanda wake, na stuli, na shati lililoshonwa nusu likiwa bado chini ya sindano. Kando yake kadi yenye mambo mawili: bei ya shati dukani, na alicholipwa aliyelishona. Mteja anayeingia kununua koti apite hapo kwanza.