Herufi Zinazoshikana

Herufi mbili zikilazwa moja juu ya nyingine, huo ni mrundikano. Zikisukwa, hupishana kama miyaa ya ukili: hapa hii iko juu, mbele kidogo iko chini, na huwezi kuichomoa moja bila kuikata. Katika ubunifu wote wa nembo, huu ndio ufundi ninaoupenda zaidi, kwa sababu unailazimisha kompyuta ifanye jambo lililo kinyume cha mpangilio wake.

Photoshop ilipopata matabaka mwaka 1994, kila kitu kilipewa ngazi yake. Tabaka la juu huwa juu kila mahali. Sasa chukua C mbili zilizopeana mgongo, kama zile za Chanel. Zinakatana mahali pawili. C ya kulia ikipita juu kote kuwili, imelala tu juu ya mwenzake. Ili zishikane, sharti ipite juu kwenye makutano ya juu, kisha ikubali kufichwa kwenye makutano ya chini. Tabaka moja litakuwaje juu na chini kwa wakati mmoja?

Hapo ndipo inapoingia barakoa ya tabaka. Weusi huficha, weupe hufunua, wala hakuna kinachofutwa. Fundi huchagua umbo la C ya tabaka la chini, hulipanua kwa pikseli chache, kisha hupaka weusi kwenye barakoa ya C ya juu, kwenye makutano yale ya chini tu. Mara C iliyofunikwa huibuka, na kwenye pande zake mbili hubaki uwazi mwembamba. Uwazi huo mwembamba ndio roho ya kazi. Matabaka hayajasogea hata kidogo, ila jicho sasa linaona mwili ukipita nyuma ya mwili.

Ili kuonesha ipi iko nyuma, wengi hukimbilia kivuli. Kivuli kisubiri. Nembo itachongwa kwenye mhuri, itachapwa kwa rangi moja kwenye risiti, itatariziwa kwenye fulana, na huko kivuli hakifiki. Uwazi hufika, mradi uwe na upana wa kutosha. Nembo ikipunguzwa hadi pikseli 16, uwazi mwembamba kama unywele humezwa na herufi hugeuka doa.

Na si kila herufi husukika. Mistari miwili iliyonyooka hukatana mara moja tu, na makutano mamoja hayafungi kitu. S ni neema, kwa kuwa inageuka na kurudi. Msanii Cassandre alilijua hilo alipoichorea Yves Saint Laurent nembo yake kwa mkono, mwanzoni mwa miaka ya 1960: S yake iko katikati, imezishika Y na L. Mchoraji Albrecht Dürer alikuwa na njia nyingine kwa alama ya jina lake, akaiweka D kati ya miguu ya A. Ni alama nzuri mno, lakini D ile imehifadhiwa, haijasukwa.

Wachumba wanaoagiza nembo ya kadi ya harusi huuliza herufi ya nani itakuwa juu. Nawaonesha: A juu ya M hapa, M juu ya A pale. Mmoja akisisitiza yake iwe juu kote, nazima barakoa na kuiburuta herufi yake kwa kipanya. Inatoka yote, haijashikwa popote. Kisha nairudisha, nawasha barakoa, tunaendelea kutafuta makutano yanayowafaa wote wawili.