Shaba Moja, Elimu Nyingi: Tasnifu za Katanga na Maneno ya Waliohojiwa

Wingi wa fani katika masomo ya juu husifiwa mara nyingi kwa kuhesabiwa tu. Huyu anachunguza mawe, yule mimea, mwingine damu ya wachimbaji, mwingine masimulizi ya wazee. Orodha ikirefuka, chuo kikuu huonekana kimetimiza wajibu wake. Lakini orodha si mazungumzo. Ghala laweza kujaa mahindi, mihogo na maharagwe bila mtu yeyote kupikiwa chakula. Maswali yanayostahili kuulizwa na mhakiki ni haya: je, tasnifu hizi mbalimbali husikilizana? Na je, watu waliotoa habari zao, muda wao na hata damu yao, hurudishiwa chochote katika lugha waliyoitumia kujibu?

Katanga ni mahali pazuri pa kuyapima maswali hayo, kwa sababu elimu nyingi zimekutana huko juu ya kitu kimoja. Jimbo hilo liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, kabla ya kugawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilipata chuo kikuu mwaka 1956, nusu karne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Tangu hapo mwanajiolojia, mwanabotania, mwanahistoria, tabibu na mwanaisimu wamefuata madini yale yale, kila mmoja kwa njia yake.

Tuanze na udongo wenyewe. Makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale katika bonde la Upemba, yalianza kufukuliwa kitaalamu mwaka 1957. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo, akaijengea tasnifu yake ya udaktari. Humo makaburini vilipatikana vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Kadiri karne zilivyopita, vipande hivyo vilizidi kuwa vidogo na kulingana, dalili kwamba vilikuwa vimeanza kutumika kama fedha. Wataalamu wa mimea nao walichunguza Haumaniastrum katangense, mmea mdogo unaostahimili udongo wenye shaba nyingi. Waligundua kwamba mmea huo huota pia mahali ambapo watu wa zamani waliyeyushia madini. Hivyo ua dogo likamwonyesha mwanaakiolojia mahali pa kuchimba. Huo ni mfano mwema wa fani mbili kusikilizana: hakuna iliyoacha kanuni zake, na kila moja iliona kitu ambacho isingekiona peke yake.

Kukutana kwa namna hiyo kunapatikana pia katika historia. Donatien Dibwe dia Mwembu alitetea tasnifu yake mwaka 1990 katika chuo kikuu cha Laval, Kanada, kuhusu viwanda na afya, yaani magonjwa na vifo katika Union Minière kuanzia 1910 hadi 1970. Ni kazi ya mwanahistoria, lakini inauliza maswali ya tabibu. Kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi kiliandikwa kwa Kifaransa. Hata hivyo jina lake linaanza na maneno ambayo mwandishi hakuyatafsiri: Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Maneno hayo mawili yanabeba hoja nzima. Kampuni iliyowapa watu kazi, nyumba, chakula na shule ilijifanya mzazi; ilipodhoofika ikiwa mikononi mwa Gécamines, watu hawakupoteza mshahara tu, walikuwa mayatima. Kama mwandishi angalisema “wafanyakazi wa migodi” na kuishia hapo, uchungu huo wa ukoo ungalipotea.

Kwa upande wa tiba, watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha mwaka 2018 uchunguzi kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo kobalti ilichimbwa katikati ya nyumba za watu. Vipimo vya damu na mkojo vilionyesha kwamba wakazi wa hapo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa kulinganishia, na watoto ndio waliozidi. Thamani ya kazi hiyo haina shaka. Lakini makala ilitoka kwa Kiingereza, katika jarida la kimataifa, ilhali mama wa Kolwezi huzungumza na jirani yake kwa Kiswahili. Kosa si la watafiti peke yao: desturi ya vyuo vikuu humpa mtafiti cheo kwa yale yasomwayo mbali, na haimdai chochote kwa yale yasiyosomwa karibu.

Kinyume chake kinaonekana katika tasnifu ambayo Johannes Fabian aliitetea Chicago mwaka 1969 juu ya Jamaa, kundi la Kikatoliki lililotokana na mafundisho ya padri Placide Tempels. Fabian aliona kwamba mawazo ya kundi hilo hayatengani na maneno yake: uzima, uzazi, mapendo. Akayaacha maneno hayo yasimame katika lugha yao, akayachambua kama mtu anavyochambua dhana za mwanafalsafa. Mwaka 1990 yeye huyo huyo alitoa matini ya André Yav, iliyoandikwa mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani. Matini hiyo inasimulia historia ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Maandishi yake yalikuwa magumu kwa jicho, hata ikabidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke. Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Hapo boyi wa zamani si chanzo cha habari tu. Ni mwandishi, na wasomi ndio wanaomfafanua.

Tofauti baina ya kazi hizi si tofauti ya sayansi za maumbile na sayansi za binadamu, kama inavyodhaniwa. Ni tofauti baina ya mtafiti anayeyahesabu maneno ya watu kuwa ushahidi na yule anayeyaacha mlangoni. Hata tabibu anayahitaji. “Homa” katika kinywa cha mzazi yaweza kuwa joto la mwili, malaria au mafua. “Tumbo” laweza kuwa utumbo, mfuko wa uzazi au mimba yenyewe. Anayeandika neno moja la Kifaransa badala ya neno alilolisikia amekwisha kuchagua jibu kabla ya kufanya hesabu zake, na msomaji wa tasnifu hana njia ya kumsahihisha.

Wako watakaopinga kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Pingamizi hilo limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Pingamizi la pili ni zito zaidi: Kiswahili kipi? Kiswahili bora cha vitabuni si kile cha sokoni Lubumbashi, ambacho Edgar Polomé alikieleza kama lugha yenye taratibu zake mwaka 1968. Anayeandika muhtasari kwa Kiswahili bora pekee aweza kumfungia mchimbaji mlango wa pili baada ya ule wa Kifaransa. Jibu lafaa liwe la vitendo: muhtasari uandikwe kwa Kiswahili chepesi, na maneno ya waliohojiwa yabaki kama yalivyotamkwa, yakifuatiwa na maelezo.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Kila tasnifu ya udaktari yaweza kudaiwa kurasa kumi za Kiswahili, orodha ya maswali kama yalivyoulizwa katika lugha ya mahojiano, na faharasa ya maneno magumu. Jopo la watahini laweza kuwa na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuzipima kurasa hizo. Faida ingekuwa mara mbili. Watu wa Kasulo wangejua kilichopatikana katika damu ya watoto wao. Na mwanabotania, tabibu na mwanahistoria, ambao leo hawasomani kwa sababu kila mmoja anajificha katika istilahi za kitivo chake, wangekuwa na kurasa kumi ambazo kila mmoja wao aweza kuzisoma kabla ya kwenda kazini. Mpaka siku hiyo wingi wa fani utabaki kuwa utajiri wa maktaba, nao waliouchimba wataendelea kukaa nje ya mlango wake.