Danadana na Mizani

Mwalimu hakuanza na chaki. Alipita mlango wa darasa na mpira wa matambara kwapani, asigeuke nyuma, na darasa la tano zima likamfuata mpaka chini ya mkorosho ulio kando ya uwanja. Hapo akamwita kijana mmoja mwembamba, fundi wa danadana ajulikanaye shule nzima, akamkabidhi mpira.

"Taja uwanja wanaochezea Namungo. Kila silabi, gusa mara moja. Ukianguka tunaanza upya."

Kijana akainua mguu. U, wa, nja, wa, Ma, ja, li, wa. Wenzake walikuwa wakihesabu kwa sauti, na mpira ulipotua vumbini wote walikuwa wamefika nane. Mwalimu akaitikia kwa kichwa tu. Akamwita msichana aliyekuwa nyuma kabisa, akamwambia ataje wilaya mbili, yao na ya jirani. Na, chi, ngwe, a, na, Ru, a, ngwa. Msichana hakuwa fundi, mpira ulimtoroka mara tatu, na mara zote tatu darasa lilianza naye upya bila kuchoka. Alipomaliza, ikawa nane tena. Minong'ono ikaanza. Mbona nane? Nani kapanga?

Nilikuwa nimekaa kwenye mzizi wa mkorosho ule, mgeni mwenye daftari, na nakiri kwamba nilitaka kumsaidia. Nilitaka kusema: watoto, mmeshika nusu ya mshororo wa shairi, hiyo ni ukwapi, tafuteni nusu ya pili, utao. Mwalimu alinyamaza. Aliwaacha wakae na ile nane mpaka ikawawasha.

Wengi wetu tulifundishwa mizani kwa njia iliyo kinyume na hii. Tuliandikiwa ubaoni kwamba mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane kila upande, kisha tukapewa shairi la mtu tuhesabu kwa kidole kama mtu anayehakiki chenji dukani. Tukafaulu mtihani. Lakini kidole kinahesabu kilichokwisha andikwa. Mguu unaopiga danadana unahesabu kinachokuja, na mtungaji anahitaji kipimo cha namna hiyo, kinachomwambia kabla ya kalamu kugusa karatasi kwamba neno hili litabaki nje.

Kisha likaja somo ambalo mpaka leo nalifikiria. Mwalimu alisema "mbio". Kijana akagusa mara tatu, m, bi, o, na wenzake wakabishana. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alimwomba amwite mwenzake akimbie, kama anavyofanya mechi ikiwa imechangamka. "Mbio! Mbio!" Wote wakasikia mbili. Sasa aombe mpira akiwa peke yake mbele ya goli. Kijana akafumba midomo, akaivuta ile m, ndipo ikaja "pira". Tatu. Kwa dakika chache, bila neno moja la sarufi, watoto wa miaka kumi na kumi na moja walikuwa wametenganisha m inayosimama peke yake na m inayoegemea herufi iliyo mbele yake. Nimewahi kuona watu wazima wakitungia magazeti na bado wanajikwaa hapo.

Likazuka la "penalti". Wapo waliosema tatu, wapo waliosema nne kwa sababu ile l nayo ina uzito wake. Mwalimu hakuamua. "Mkitunga, chagueni moja, mshikamane nayo mpaka ubeti wa mwisho." Huo ni uamuzi wa mshairi, na aliwaachia wenyewe.

Wilaya hii ya Nachingwea imeingia vitabuni kwa mambo mawili. La kwanza ni mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, ukaacha reli ya kwenda Mtwara ambayo baadaye iling'olewa. La pili ni kambi ya FRELIMO, walikojifunza vita wapigania uhuru wa Msumbiji. Ruangwa iliingia masikioni mwa nchi baadaye sana, na kwa njia ya mpira. Mwaka 2019 Namungo, timu ya Ruangwa wanaoitwa Wauaji wa Kusini, walipanda Ligi Kuu, na msimu huohuo wa kwanza wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga, Agosti 2020. Simba wakawafunga 2–1. Kwa kuwa Simba walikuwa tayari mabingwa wa ligi, Namungo wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika na kufika mpaka hatua ya makundi. Mtoto wa huku hahitaji kuelezwa kwa nini mpira ni jambo zito. Kaka zake wamemsimulia, akakua nalo.

Ndiyo maana siku ya vina ilikuwa ngumu. Tulikuwa tumerudi darasani. Mwalimu aliandika "Ruangwa" ubaoni, akaomba maneno yanayoishia kwa sauti ileile. Wa kwanza akasema "Majaliwa". Mwalimu akayaandika maneno mawili, moja juu ya jingine, akapigia mstari silabi za mwisho: ngwa, wa. "Hawa ni ndugu au wanafanana tu?" Wakayatamka. Wanafanana tu. Kimya kirefu. Mtoto wa madawati ya dirishani akanyoosha mkono, akaushusha, akaunyoosha tena, akasema kwa sauti ya chini: "Tumefungwa."

Darasa zima liliguna. Ruangwa na kufungwa, vina vimekubaliana kabisa, na hakuna aliyependa. Msichana mmoja alisema neno hilo lifutwe. Mwalimu hakulifuta. Akawauliza lugha yao inayo maneno gani mengine ya ukoo huo, na sasa, kwa sababu walikuwa na cha kuokoa, yalimiminika: imepangwa, imejengwa, imepingwa, limetungwa. Kwa muda wa nusu saa, wakisukumana na kufutana, walifikisha ubeti huu, nami niliunakili kama ulivyokuwa ubaoni:

Timu yetu ya Ruangwa, leo imo uwanjani,
Hata kama imefungwa, haitoki mioyoni,
Safu mpya imepangwa, winga yumo pembezoni,
Na shairi limetungwa, tuliimbe barazani.

Tazama walichofanya na lile neno chungu. Wameliweka mshororo wa pili, si wa kwanza wala wa mwisho, na wametanguliza "hata kama". Hakuna aliyewafundisha kwamba shairi linaweza kulibeba jambo linalouma kwa kulichagulia mahali. Kina ndicho kilichowalazimisha, na mwalimu alijua kitawalazimisha. Jioni nilimuuliza kama alipanga. Alisema amefundisha vina kwa jina la Ruangwa miaka kadhaa, na kila mwaka hungoja nani atakuwa na moyo wa kulitaja neno hilo.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, angefurahi kukaa darasani humo. Na sijui ni wangapi kati ya wanaojaza majukwaa ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha wanaokumbuka kwamba jina hilo ni la mshairi, mtu aliyetuwekea kwenye kitabu kanuni za vina na mizani. Mimi hupenda kuliwaza hilo kila redio inapotangaza mechi kutoka pale.

Lipo jambo jingine lililonivuta. Mwalimu huyu hatenganishi kipindi cha shairi na kipindi cha kutoa maoni, na mwanzoni nilidhani ni kwa kubana muda. Sivyo. Kwa Kiswahili shairi limekuwa mahali pa kubishana tangu zamani. Washairi walijibizana magazetini wiki hata wiki, huyu anafunga hoja kwa vina, yule anaifungua kwa vina vilevile. Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, aliipa nguvu ngonjera, na ngonjera ni nini kama si pande mbili zinazoshindana kwa hoja mbele ya watu mpaka zielewane? Hata jina la UMITASHUMTA, mashindano yanayowakutanisha watoto wa shule za msingi, lina michezo na lina taaluma ndani ya neno moja. Mwalimu anatembea njia iliyokwisha kufyekwa. Ustadi wake uko katika namna anavyotembea.

Nao ulionekana zaidi siku ya ugomvi. Timu mbili za darasa zilicheza, goli likafungwa, nusu ya watoto wakasema mfungaji ameotea. Walirudi wakipayuka. Mwalimu mwingine angewatuliza. Huyu alichukua kijiti, akachora uwanja chini, penye udongo laini, akamwita kila mtoto aweke kokoto mahali aliposimama goli lilipofungwa. Ilichukua muda. Wapo waliohamisha kokoto zao baada ya kukumbushwa na wenzao. Kisha akauliza kila mmoja swali moja, lilelile, kwa sauti ileile: "Ulisimama wapi?" Akishajibiwa: "Kutoka hapo, uliona nini?"

Kokoto nyingi za waliopayuka zilikuwa upande wa goli la pili. Mtoto mmoja aliitazama kokoto yake muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilisikia wanasema." Hakuchekwa. Mwalimu alimpa sentensi yake ya kwanza ya insha: "Sikuona, nilisikia." Ikaandikwa daftarini kwa fahari, kama sentensi nyingine yoyote.

Anazo kadi mbili alizokata kwenye boksi. Ya njano hutoka mtoto akitoa maoni bila "kwa sababu". Nyekundu hutoka akimtukana mwenzake badala ya kujibu hoja yake. Katika siku nne nilizokaa, nyekundu haikutoka. Njano ilitoka mara nyingi, na safari moja mtoto alimwonyesha mwalimu mwenyewe, naye akaipokea, akatoa sababu.

Si wote wanaopenda mpira. Yupo mvulana ambaye kila akipewa pasi huugua tumbo. Huyo halazimishwi. Anapewa daftari na kukaa mstarini kama mtangazaji, kazi yake kuandika dakika kwa dakika. Tuliokua na Radio Tanzania tuliiona mechi kwa masikio, kwa hisani ya watu kama Ahmed Jongo, na tunajua kwamba anayetazama kwa niaba ya wengine hutazama kwa makini kuliko wote. Madaftari ya mvulana huyo ndiyo hufunguliwa ubishi ukizidi.

Kuna insha moja niliyoomba ruhusa ya kuinukuu. Mada ilikuwa uwanja wa shule, ambao wavulana huuchukua kila jioni. Msichana aliandika: "Naona Jumatano uwanja uwe wa netiboli. Wavulana wanasema sisi ni wachache. Nimehesabu, tuko kumi na wanne, na netiboli inataka saba kwa saba, kwa hiyo tumetimia. Wanasema pia wana mechi Ijumaa na lazima wajiandae. Hilo ni kweli. Ndiyo maana nimeomba Jumatano, sikuomba Alhamisi."

Rasimu ya kwanza ya insha hiyo niliiona. Ilikuwa sentensi mbili za malalamiko. Mwalimu hakuongeza neno hata moja la kwake. Aliandika pembeni, kwa penseli: "Wavulana wanasemaje?" Siku ya pili: "Wapo sahihi popote?" Zile hesabu na lile "Hilo ni kweli" ni za msichana mwenyewe. Nimesoma insha nyingi za watoto kuhusu umuhimu wa hiki na faida za kile, zimejaa methali nzuri na hazina mtu ndani. Humu mlikuwa na mtu anayetaka kitu, anayejua nani anamzuia, na aliyekwisha kumsikiliza.

Usiku wa mwisho nilimkuta mwalimu akisahihisha mashairi kwa taa ya sola. Hatumii kalamu nyekundu. Chini ya kila mzani anaweka nukta ya penseli, na pale mshororo unapopungua anachora kiduara kitupu mwishoni, basi. Alinisogezea daftari moja, la yule mtoto wa dirishani.

Kipa wetu aliruka, mpira kauona.

Nukta nane, kisha saba, kisha kiduara. Nilihesabu mwenyewe kwa vidole. Nikasema ni rahisi, mtoto ataweka neno dogo mbele, "na", atajaza. Mwalimu alisema wengi hufanya hivyo, kisha akafunga daftari.

Asubuhi mtoto alilirudisha. Alikuwa amefuta upande wa pili wote kwa kifutio mpaka karatasi imekaribia kutoboka, na juu yake ameandika upya:

Kipa wetu aliruka, mpira hakuuona.

Mwalimu alipita kwa ncha ya penseli, nukta kwa nukta, mpaka ya nane. Akamtazama.

"Jana kauona. Leo hakuuona. Ulisimama wapi?"

"Nyuma ya goli, Mwalimu," alisema mtoto. "Jua lilikuwa linatupiga machoni, mimi na yeye."