Kifungo Kisichoamuru

Mchoro wa saketi ni maandishi, na mpangilio wake hubeba maana. Tuuchukue mtambo wa kurushia redio ya AM wa kilowati 1, wa enzi za vali: vali za 833A hukuza mawimbi, na za 872A, zenye mvuke wa zebaki, hugeuza umeme wa AC kuwa DC wa volti kama 2,500. Tusome sehemu moja tu, ile ya kuwasha.

Kifungo cha kuwasha kimechorwa kwenye waya mmoja na swichi za milango, swichi ya hewa, rilei ya muda na rilei za mkondo uliozidi, zote zikifuatana. Huu ni muundo wa masharti: milango ikifungwa, upepo ukivuma, muda ukitimia, ndipo kontakta ya volti kubwa ivute. Sharti moja likikosekana, sentensi haifiki kwenye kitenzi. Kifungo kinaomba tu.

Sambamba na kifungo kuna mguso wa kontakta yenyewe, unaoishikilia kidole kikiondoka. Umeme ukikatika, kontakta huachia. Ukirudi, volti kubwa hairudi peke yake. Sentensi husomwa upya tangu neno la kwanza.

Msomaji wa haraka atadhani subira ya sekunde 30 ni kwa ajili ya 833A, yenye filamenti ya volti 10 na ampea 10. Sivyo, hiyo hupata moto upesi. Inayosubiriwa ni 872A. Ikipewa volti kubwa ingali baridi, ioni za zebaki huipiga kathodi yake na kuubandua utando unaotoa elektroni. Mtambo mzima unakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na hapo ndipo naona uungwana wa muundo huu.

Lakini una kasoro. Swichi ya hewa ni shahidi wa kuona: huguswa na upepo wenyewe, si na umeme wa feni. Rilei ya muda hukisia. Inahesabu sekunde na kuapa kwamba kuna joto, hata filamenti ikiwa imekatika. Ndani ya mnyororo mmoja, ushahidi na dhana vimepewa uzito uleule, na mchoro hauvitofautishi.

Tofauti hiyo huwa hatari zaidi wakati wa kuzima. Kapasita ya maikrofaradi 10 kwa volti 2,500 huhifadhi takribani juli 31. Rezista ya kilo-ohm 100 iliyofungwa kati ya ncha zake huishusha chini ya volti 20 kwa sekunde 5. Rezista hiyo haina swichi wala sharti. Mtambo ukiwa hewani inapoteza wati 62.5 saa zote kwa ajili ya mkono utakaoingia siku moja. Ni sentensi nzuri kuliko zote katika mchoro huu. Hata hivyo nayo ni dhana, kwa kuwa ikikatika haitoi sauti, na mtambo utaendelea kutangaza vizuri.

Ndiyo maana nyuma ya mlango huning'inia fimbo yenye ndoano ya shaba na waya wa ardhini. Fundi huigusisha kwenye kapasita kabla ya kuingiza mkono. Fimbo hiyo haisubiri saa wala haimwamini rezista. Inakwenda kugusa yenyewe.