Filamu zangu za Ghibli, na ile moja nakataa kuipa namba

Leo muniache niseme mambo ya katuni. Najua kuna watakaosema: mutu wa miaka 28, mwenye lisansi ya agronomi, hana kitu kingine cha kuandika? Lakini filamu za studio Ghibli tulipitishana karibu sisi wote kwa fulashi tukiwa bado chuo, na kila mara orodha inakuwa ni moja: Le Voyage de Chihiro juu, Mon voisin Totoro ya pili, zingine zinafuata. Mi nakataa. Namba moja yangu ni ile ambayo wengi wenu muliizima mbele ya dakika 30: Souvenirs goutte à goutte, ya Isao Takahata, 1991.

Naelewa juu ya nini muliizima. Hakuna jini, hakuna joka, hakuna mutu anaruka. Ni Taeko, mwanamke wa miaka 27, kazi yake ni ya biro Tokyo, mwaka 1982. Anachukua konje, anapanda treni ya usiku kwenda Yamagata kwa jamaa ya shemeji yake, kusaidia kuvuna maua, na njia nzima anakumbuka mambo ya darasa la tano. Kuna sehemu ambamo jamaa wananunua nanasi kwa mara ya kwanza. Hawajui hata namna ya kulikata. Wanaonja, wanaona halina utamu, wanaacha. Taeko peke yake anaendelea kutafuna. Sisi tuliokomaa nanasi zikiuzwa kando ya barabara tulicheka mpaka machozi. Mara ya pili sikucheka. Niliangalia tu ile sura ya mutoto anayekataa kukubali kwamba kitu alichokitamani sana kiko vile.

Sasa maua yenyewe. Wajapani wanayaita benibana, ni jamaa moja na alizeti. Yanachumwa asubuhi mapema umande ungali juu yake, kwa sababu miiba inakuwa laini kidogo. Yanaoshwa, yanakanyagwa, yanaachwa yachache, yanafinyangwa kama vimikate na kuanikwa, na ndani yake njo munatoka rangi nyekundu. Takahata anaonyesha hatua zote hizo bila haraka. Halafu Taeko anasimulia kwamba zamani wasichana waliochuma kwa mikono mitupu, wakichomwa na miiba, hawakupata ata siku moja kupaka rangi ile kwenye midomo yao. Hapo nilisimamisha filamu. Tulisoma minyororo ya thamani mihula mingapi?

Kuna pia Toshio, kijana aliyeacha kazi ya biro akarudi kulima bila dawa za kiwanda. Anamweleza Taeko kwamba msitu, kijito na mashamba anayoyaita "asili" yote yalitengenezwa na wakulima, kipande kwa kipande. Ni kweli, na ni muhimu. Lakini mara ingine anaongea kama profesa aliyesahau saa, na hilo ni kosa la filamu, ata kama somo ni zuri.

Kisha usiku wa mwisho bibi wa nyumba anamwambia Taeko wazi: baki hapa, uolewe na Toshio. Taeko anakimbia nje kwenye mvua. Anaona ghafla kwamba kupenda kijiji kwake kulikuwa kwa siku za konje tu.

Mi nilienda sitaji kijijini kwa koko na buti mpya, daftari, na telefoni ya kupiga picha za majani ya mihogo yenye ugonjwa. Mbele ya kurudi mjini koko akaniuliza: "Mujukuu, utarudi lini kulima?" Nikamwambia: "Koko, mi nimesoma kilimo." Akacheka. "Njo maana nakuuliza."

Mwisho wa filamu, wakati majina yanapita, Taeko anashuka treni na kurudi, watoto wa kumbukumbu zake wakimsindikiza. Inapendeza, lakini Takahata anakwepa kidogo: anasimamisha hadithi mbele ya mwaka wa kwanza ambao mavuno yatakosekana. Bado naiweka namba moja.

Ya pili ni Princesse Mononoké, 1997. Dame Eboshi anakata msitu apate makala ya kuyeyusha chuma. Na ndani ya boma lake wagonjwa wa ukoma wana kazi na heshima, wanawake waliotolewa kwenye nyumba za umalaya wanakula jasho lao. Mutu anayepikia makala kila siku amuhukumu kwa mdomo gani? Miyazaki hakunipa upande wa kushika, na namushukuru.

Chihiro, 2001, ni ya tatu, na hiyo Oscar yake ya 2003 iliistahili. Ile roho ya mto inayofika bafuni ikinuka, wakavuta ndani yake baisikeli na takataka zote, mi naionyesha kwa kila mutu. Lakini mwisho unafungwa haraka sana. Pompoko ni ya nne: ndefu mno, lakini wanyama wale wanaopigania vilima vyao mbele ya mji mpya wa Tama, hapo Tokyo, wananichekesha na kuniuma pamoja.

Totoro ni ya tano. Mukasirike. Mashamba yake ni mazuri kama ya kalenda, lakini mgongo haumuumi mutu. Muhindi ambao Mei anambebea mama yake hospitalini njo unaiokoa.

Le Tombeau des lucioles ilitoka siku moja na Totoro, Aprili 1988, na sitaipa namba. Seita anaenda kuomba chakula kwa mkulima, mkulima anamwambia hana cha kuuza, arudi kwa shangazi yake. Nimejaribu kumchukia yule mzee, nimeshindwa. Tuliitazama mara moja tu, watu saba kwenye ordinatere moja. Umeme ulikatika pale Setsuko anampa kaka yake udongo akisema ni wali. Ulirudi kisha dakika kumi, na hakuna aliyesema tuendelee.